Olafur Eliasson na Barafu ya Kaskazini: Sanaa ya Kurudi Palepale

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya walimu, wasanii, wanafunzi na waongoza watalii wa mlimani.)

Najua wapo humu watakaojiuliza kwa nini tusafiri hadi Iceland na Greenland kutafuta barafu, ilhali dirisha la ukumbi huu linatazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Swali hilo ni halali, na tutalifikia kabla hatujaachana.

Lengo la mhadhara huu ni kumtazama msanii mmoja, Olafur Eliasson, ambaye kwa miaka zaidi ya thelathini amefanya kazi na barafu, ukungu, maji na mwanga wa kaskazini. Hoja inayotetewa ni hii: nguvu ya kazi yake haitokani na uzuri wa barafu. Inatokana na mambo mawili yasiyo na mapambo. Kwanza, hurudi mahali palepale alipokwisha kufika. Pili, humtoa mtazamaji mbele ya picha na kumweka ndani ya tukio lenyewe. Tutaigawa hoja hiyo katika sehemu tano.

1. Barafu ilikuwa kitisho kabla ya kuwa mgonjwa

Wachoraji wa Ulaya na Marekani walianza kuipenda barafu ya kaskazini kwa sababu iliwaogopesha. Mjerumani Caspar David Friedrich alichora Bahari ya Barafu mwaka 1823 na 1824. Vigae vikubwa vya barafu vimerundikana na kuchongoka kuelekea mbinguni, na pembeni, ukikaza macho, unaona ubavu wa meli iliyopondwa. Friedrich hakuwahi kufika kwenye bahari za barafu za kaskazini. Alikuwa ameichunguza barafu ya mto Elbe, mjini Dresden, katika majira ya baridi ya mwaka 1820 kuingia 1821, kisha akaikuza kwa fikra mpaka ikawa dunia nzima. Picha hiyo iko Hamburg hadi leo.

Mmarekani Frederic Edwin Church alichukua njia nyingine. Mwaka 1859 alikwenda mwenyewe hadi bahari za Newfoundland na Labrador, akachora michoro midogo ya milima ya barafu inayoelea huku chombo kikiyumba chini yake. Aliporudi New York alichora turubai la karibu mita tatu kwa upana. Likafunguliwa kwa umma mwezi Aprili 1861, siku chache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza nchini mwake, na watu hawakuwa na moyo wa kununua. Kabla ya kulipeleka London mwaka 1863 aliongeza mlingoti wa meli uliovunjika sehemu ya mbele, ili mtazamaji apate kipimo cha ukubwa na, bila shaka, apate cha kuogopa. Turubai hilo lilipotea machoni pa watu kwa miongo mingi, kisha mwaka 1979 likakutwa katika nyumba ya kulelea wavulana mjini Manchester. Likapigwa mnada kwa dola milioni 2.5, bei ambayo mchoro wa Kimarekani ulikuwa haujawahi kuifikia.

Angalieni kinachofanana kwa mabwana hao wawili. Katika picha zote mbili binadamu ndiye aliyevunjika, na barafu ndiyo inayobaki. Kwa watu wa zama zao jambo hilo lilikuwa dhahiri kama mchana. Aliyezaliwa mwaka 1967 alikuja kulikuta limepinduka.

2. Kwake barafu ilikuwa nyumbani kwa baba

Eliasson alizaliwa Copenhagen mwaka huo wa 1967, kwa wazazi waliotoka Iceland. Mama alikuwa fundi cherehani, baba alikuwa mpishi na pia mchoraji. Wazazi walipotengana mtoto alikulia Denmark, lakini likizo alipelekwa Iceland kwa baba yake. Kwa hiyo yale mawe meusi ya volkano, mvuke unaotoka ardhini na mito ya barafu inayoshuka mabondeni havikuwa kwake ajabu ya msafiri. Vilikuwa mandhari ya likizo, kama vile mtoto wa Arusha anavyolijua shamba la babu yake huko Rombo.

Wakati wa ujana wake Denmark alikuwa mcheza breki dansi, na hili si la kuchekesha tu. Mtu aliyejifunza kuipima sakafu kwa mgongo na mabega huijua nafasi kwa mwili wake kabla ya kuijua kwa macho. Alisoma katika chuo cha kifalme cha sanaa cha Denmark kati ya 1989 na 1995, kisha akafungua studio Berlin. Humo hufanya kazi na mafundi, wasanifu majengo na watafiti, na hata wapishi, maana wafanyakazi hula chakula cha mchana pamoja.

Kazi zake za mwanzo zilichukua vitu vya Iceland na kuviweka mahali pasipo pake. Kuanzia mwaka 1998 alimwaga rangi ya kijani isiyo na madhara, ile inayotumika kufuatilia mikondo ya maji, katika mito ya Iceland na baadaye katika miji kama Los Angeles, Stockholm na Tokyo, bila kutangaza. Wapita njia walioona mto wao umegeuka kijani kibichi walilazimika kuutazama, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Kilichompa jina duniani ni jua. Oktoba 2003, katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern mjini London, uliokuwa zamani wa mitambo ya umeme, alisimamisha nusu duara iliyowashwa kwa taa zipatazo 200 za rangi ya manjano. Dari aliifunika kwa vioo, hivyo nusu duara ikakamilika kwa taswira yake na kuwa jua zima. Mashine zikapuliza ukungu mwembamba. Watu walilala chali sakafuni katikati ya majira ya baridi, wakijitafuta kwenye vioo vya juu, wakipunga mikono na kupanga miili yao kuunda maumbo. Hadi Machi 2004 walikuwa wamepita watu wapatao milioni 2. Taa zenyewe hazikufichwa: ukizunguka nyuma unaona nyaya na vyuma. Mtazamaji hakudanganywa, alionyeshwa jinsi hisia yake inavyotengenezwa.

3. Picha ya kwanza haisemi mengi mpaka upige ya pili

Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 1999 Eliasson alipanda ndege ndogo akaipiga picha mito ya barafu ya Iceland kutoka angani. Ninaposema mto wa barafu, ndugu zangu, nina maana ya theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa ikawa barafu nene, nayo kwa uzito wake inateleza polepole kushuka bondeni. Alichagua picha 42 akazipanga kwa safu. Hakuna machweo, hakuna mtu anayepunga bendera. Ni utaratibu mkavu, karibu kama orodha ya mali.

Wakati ule zilitazamwa kama uchunguzi wa umbo na rangi. Mwenyewe, kwa mujibu wa maelezo aliyoyatoa baadaye, aliiona barafu ile kuwa kitu kisichobadilika, kisichojali binadamu.

Baada ya miaka 20 alirudi. Mwaka 2019 alipanda tena ndege, akiwa na picha za zamani mkononi, akatafuta pembe ileile, umbali uleule, ukingo uleule wa mlima. Matokeo yake ni jozi 30 za picha, kushoto 1999, kulia 2019. Chukueni jozi yoyote mkaipitishe macho taratibu. Kushoto ulimi wa barafu umejaza bonde, mgongo wake una mistari myeusi ya vumbi la volkano. Kulia kuta za bonde ni zilezile, makorongo ni yaleyale, lakini ulimi umerudi nyuma, na ulipolala pamebaki kokoto za kijivu na mara nyingine dimbwi la maji. Mlima haukusogea, ndiyo maana jicho haliwezi kukana lilichokiona.

Hapa ndipo hoja yetu inapokaa. Picha za 1999 hazikubadilika hata nukta moja, lakini maana yake iligeuka kabisa siku msanii aliporudi. Angechagua milima mipya, angetuletea albamu nyingine nzuri. Kwa kurudi palepale alitengeneza ushahidi.

Tena hakuianzisha tabia hiyo. Nchini Iceland, tangu miaka ya 1930, wakulima na watu wa kawaida wanaojitolea hupima kila mwaka umbali kutoka alama iliyowekwa ardhini hadi ncha ya barafu. Tangu mwaka 2010 wanafunzi wa shule moja ya kusini mwa nchi wamekuwa wakiupima mto wa barafu wa Sólheimajökull kila msimu wa vuli. Mwanasayansi Oddur Sigurðsson alitangaza mwaka 2014 kwamba Okjökull haistahili tena kuitwa mto wa barafu, kwa kuwa imekonda mno, haitembei tena. Agosti 2019 watu walipanda hadi pale wakaweka bamba la shaba la kumbukumbu. Sanaa ya Eliasson imesimama juu ya mabega ya wapimaji hao.

4. Takwimu husomwa, barafu huguswa

Mwaka 2006 Eliasson aliingiza ndani ya jumba la sanaa mjini Berlin mapande ya barafu yaliyovunjika kutoka Vatnajökull, mto wa barafu mkubwa kuliko yote Iceland. Chumba kilipoozwa kama jokofu ili yasiyeyuke. Mwaka 2013 kazi hiyo ilionyeshwa tena New York, na wageni walivaa makoti kuingia kuangalia barafu inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka 800.

Lakini humo barafu bado ilikuwa imelindwa. Hatua iliyofuata ilikuwa kuiacha ife hadharani. Alishirikiana na Minik Rosing, mwanajiolojia mzaliwa wa Greenland, anayejulikana kwa kugundua dalili za uhai katika miamba ya Isua yenye umri wa miaka zaidi ya bilioni 3.7. Kazi yao, Ice Watch, ilionyeshwa kwanza Copenhagen mwezi Oktoba 2014, wakati jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lilipokuwa likitoa ripoti yake. Desemba 2015 ilikuwa Paris, mbele ya Panthéon, siku za mkutano uliozaa Mkataba wa Paris. Desemba 2018 ilikuwa London: mapande 24 nje ya Tate Modern na mengine 6 katikati ya jiji.

Wasikilizaji wanaopenda kujua mambo yanavyofanyika, sikilizeni hili. Hakuna barafu iliyokatwa mlimani. Kwa maonyesho ya Paris, wapiga mbizi na makuli wa bandarini waliyavua mapande 12 yaliyokuwa tayari yakielea katika ghuba ya Nuup Kangerlua, karibu na Nuuk. Yalipakiwa katika makontena sita ya baridi, yakasafiri kwa meli hadi Aalborg nchini Denmark, kisha kwa malori hadi Paris. Pamoja yalikuwa na uzito wa takriban tani 80. Yakapangwa katika duara, mfano wa uso wa saa, yakaachwa.

Sogeeni karibu na pande moja. Si jeupe. Sehemu zilizoshindiliwa sana zina bluu nzito, kwa sababu barafu safi na nene hufyonza wekundu wa mwanga na kuuachia ubuluu upite. Ndani yake mna viputo vidogo vya hewa vilivyonaswa theluji ilipokuwa ikigeuka barafu, karne nyingi zilizopita, na hewa iliyomo imebanwa. Barafu inapoyeyuka kiputo kinapasuka, na ukiweka sikio unasikia mlio mwembamba wa kupasukapasuka usiokoma. Hewa inayotoka inakugusa shavuni. Ilivutwa mara ya mwisho na viumbe waliotutangulia kwa mbali, na wanasayansi huchimba nguzo za barafu ya Greenland kwa sababu hiyohiyo, kupima hewa ya kale ilikuwa na nini.

London watu waliikumbatia, wakaigonga, wakailamba. Watoto walipanda juu. Hakukuwa na kamba wala mlinzi wa kusema usiguse. Mtu aliyekuwa amesikia mara mia kwamba barafu ya Greenland inayeyuka alitoa mkono wake ukiwa umelowa, akagundua kwamba joto la kiganja chake limeacha shimo dogo. Waandaaji walieleza kwamba tabaka la barafu la Greenland hupoteza mapande kama hayo 10,000 kila sekunde. Takwimu hiyo hukaa vingine kabisa kichwani mwa mtu aliyekwisha kuligusa pande moja.

5. Na gharama je?

Naona mikono imeanza kuinuka kabla ya wakati wake. Mnataka kuuliza: malori, meli, majokofu, yote hayo kwa ajili ya kutuonyesha kwamba dunia inapata joto? Wakosoaji wa Ulaya waliuliza vivyo hivyo, baadhi yao kwa maneno makali.

Eliasson hakulikwepa swali. Aliwapa wataalamu kazi ya kuhesabu hewa ya ukaa iliyozalishwa na maonyesho ya Paris, wakapata takriban tani 30, sawa na watu wapatao 30 kusafiri kwa ndege kutoka Paris hadi Greenland kutazama barafu na kurudi. Hesabu hiyo ikachapishwa. Unaweza kuikubali au kuikataa, lakini angalau umepewa mizani ya kupimia.

Kuna lawama ya pili ambayo ni ngumu zaidi. Maonyesho ya London yaligharamiwa na taasisi ya tajiri mkubwa, na yale mapande sita ya katikati ya jiji yaliwekwa mbele ya makao makuu ya kampuni yake. Je, barafu ya watu wa Greenland imegeuzwa pambo la jengo la kibiashara? Kuwapo kwa Rosing, mtoto wa Greenland aliyeshiriki kama mwandalizi na si kama mshauri wa pembeni, kunapunguza uzito wa lawama hiyo, ila hakuiondoi. Msanii anayetumia fedha za wenye nguvu hubaki na deni la kujieleza.

Upande mwingine wa mizani kuna kazi isiyo na barafu ndani yake. Mwaka 2012 yeye na mhandisi Frederik Ottesen walianzisha Little Sun, taa ndogo ya sola yenye umbo la ua la manjano, inayotumika katika nyumba zisizo na umeme, Ethiopia ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Mtu yuleyule aliyewalaza Waingereza chini ya jua la taa aliamua kumpa mwanafunzi mwanga wa kusomea. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, ulimteua balozi wa hisani wa masuala ya tabianchi.

Tuelekee wapi

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kisa cha barafu na wasanii kimekwisha kupita hapa Moshi. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwa Kibo mwaka 1889, alirudi mwaka 1898, akashangaa kukuta barafu imerudi nyuma katika miaka tisa tu. Safari hiyo ya pili alifuatana na mchoraji kutoka Munich, Ernst Platz, aliyechora barafu ya Kibo kwa rangi. Hivyo tunayo kumbukumbu ya msanii iliyotangulia ndege ya Eliasson kwa miaka 101. Mwaka 1906 Vittorio Sella, Mwitaliano aliyekuwa tayari amepiga picha milima ya Alaska, alibeba kamera zake nzito hadi Ruwenzori. Mwaka 2014 Simon Norfolk, mpiga picha Mwingereza mzaliwa wa Lagos, alikwenda Mlima Kenya usiku na mwenge wa moto. Akitembea mahali ilipokuwa imefika ncha ya barafu ya Lewis katika miaka iliyopita, huku kamera ikiwa wazi, aliacha kwenye picha mstari wa moto ulio mbali na barafu iliyobaki. Barafu hiyo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010.

Barafu ya kwetu, ya Kilimanjaro, ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 11.4 mwaka 1912. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda itatoweka ifikapo 2050.

Tahadhari moja kwa wasanii vijana: msiazime maelezo ya kaskazini kama yalivyo. Iceland barafu inayeyuka kwa sababu hewa imepata joto. Kule juu Kibo, ambako hewa kwa kawaida ni baridi chini ya nyuzi sifuri, watafiti wameonyesha kwamba tatizo kubwa limekuwa upungufu wa theluji mpya na ukavu wa hewa uliodumu tangu mwishoni mwa karne ya 19, na jua kali linaigeuza barafu kuwa mvuke bila hata kupitia maji. Anayetaka kuchora au kupiga picha barafu hii aanze kwa kukaa na wataalamu na wale waliopanda mlima kwa miaka mingi.

Mapendekezo ni matatu. La kwanza, waongoza watalii na familia zao wana picha nyingi za miaka ya 1970, 1980 na 1990, nyingine ziko kwenye masanduku chini ya vitanda. Ziandikwe nyuma mwaka, mwezi na mahali mpiga picha aliposimama, kisha zinakiliwe zikiwa bado zinaonekana. La pili, shule za miteremkoni zichague vituo vichache vya kudumu vinavyoonekana vizuri, na kila mwaka tarehe 21 Machi, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuanzia 2025 kuwa siku ya mito ya barafu duniani, wanafunzi wapige picha kutoka hapohapo na kuihifadhi. La tatu, wachoraji wetu wapewe nafasi katika misafara ya utafiti, na wapandao nao wawe watu wa hapa, ili kazi ya Platz ya mwaka 1898 ipate jozi yake iliyochorwa na mkono wa Mchaga au Mmaasai.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimetumia muda wangu wote na kidogo cha wenzangu. Uwanja ni wako kwa maswali, nami naomba wapewe nafasi kwanza waliowahi kufika kileleni kabla ya mwaka 1990, tuanze kuorodhesha picha zao leo hii kabla hatujatoka ukumbini.